Rundo Lililobaki Likifuka

Katika miezi ya kiangazi, shule ya misheni ilipokuwa imefungwa, kazi ya Mukasine ilikuwa maji. Kulipokucha tu aliteremka na mtungi hadi kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima, kisha akapanda polepole, akipitia kando ya shamba la baba yake, mpaka nyumbani kwao ng'ambo ya njia pana ya ng'ombe. Mchana alishuka tena. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, asiye na maneno mengi, na njia ile aliijua kuliko katekisimu. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, mvua ilikatika mapema kule Kibabi, katika milima ya Masisi. Majani yalikauka hata yakawa yanavunjikavunjika chini ya nyayo.

Juu ya shamba lao, karibu na kilele, alikaa mjane mmoja aitwaye Thacienne pamoja na mbuzi wake. Hakuwa na mtoto aliye hai, lakini watoto wote wa kilima walimwita Koko, yaani bibi. Nyumba yake ilikuwa ya matete na paa la nyasi, kama nyumba nyingi za wakati ule.

Siku moja Papa Karangwa, baba yake Mukasine, alilima sehemu ya shamba aliyotaka kupanda maharagwe. Aliyakusanya magugu yaliyokauka, akayarundika na kuyachoma. Moto ulipopungua, jirani alimwita kwa sauti kutoka bondeni: ng'ombe wake alikuwa anashindwa kuzaa, na ndama amekwama. Karangwa alilitazama rundo, akaona limekuwa jeusi. Akatupa jembe chini, akakimbia.

Mukasine alipopita na maji ya mchana, hakumkuta baba yake. Alikuta jembe limelala, na rundo bado likifuka moshi mwembamba. Alisimama. Alifikiri kutua mtungi na kulirushia rundo udongo. Lakini mtungi ulikuwa umejaa, na kuupandisha tena kichwani peke yake ilikuwa taabu. Akajiambia kwamba Papa atarudi sasa hivi. Akaendelea na njia.

Alikuwa ndiyo kwanza ameutua mtungi uani aliposikia upepo ukivuma kutoka bondeni, halafu mlio mwingine, kama watu wengi wanaopasua kuni kwa pamoja. Alitoka hadi kwenye njia ya ng'ombe. Moto ulikuwa umekwisha kutoka shambani. Ulikuwa unapanda kilima kwa upana, ukiingia kwenye nyasi ndefu, ukiruka kutoka kichaka hadi kichaka. Mbuzi walikuwa wanalia juu huko. Wanawake walikimbia na matawi mabichi, wanaume na mapanga na majembe, na mama yake, Mukandori, alimpita bila kumwona.

Mukasine hakukimbia. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama ameshika mkononi ile ngata ya kitambaa aliyobebea mtungi, akatazama. Aliona kuku mmoja akivuka njia bila haraka. Aliona paa la Koko Thacienne likiwaka mara moja tu, kana kwamba mtu amelifunika kwa nguo nyekundu, kisha likaanguka ndani. Alijua kwamba anaona jambo baya sana. Lakini mwili wake ulikuwa umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa, na kila kitu kilionekana kiko mbali.

Kutoka kwenye moshi alitokea mwanamume mmoja amembeba Koko mgongoni. Alikuwa Émile, mrina asali kutoka misitu ya Walikale, aliyekuja kila kiangazi kutafuta nyuki kwenye miti ya kilele. Mikono ya Koko ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko. Émile alimlaza chini kwenye njia, akakaa karibu naye akikohoa, nywele zake zimeungua upande mmoja na mikono imebabuka.

Moto ulifika kwenye mawe ya kilele, ukakosa cha kula, ukafa. Upande wa kilima ulikuwa mweusi wote. Nyumba za majirani wa Koko ziliteketea pia, na mbuzi, na mihogo iliyokuwa bado ardhini ilipikwa humo humo. Njia ya ng'ombe iliuzuia moto, kwa hiyo nyumba ya Karangwa haikuguswa. Vijana walimlaza Koko kwenye machela, wakashuka naye kuelekea hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa.

Jioni hiyo Karangwa alirudi na damu ya ng'ombe kwenye mikono. Ndama alikuwa amezaliwa mzima. Hakuna aliyemuuliza habari za ndama. Mukandori aliweka ugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, na kila mmoja akatazama chakula mpaka kikapoa. Mukasine alimtazama baba yake, naye baba akamtazama, kisha akageuza macho. Kutoka hapo msichana alijua kwamba Papa anajua moto ulitoka wapi. Hata hivyo aliosha sahani, akafagia, akawafungia kuku bandani, kama mtu anayefanya kazi katika nyumba ya wengine.

Kesho yake asubuhi kapita Kanyamibwa, mkubwa wa kijiji, aliwaita watu wote mbele ya nyumba yake. Habari ilikuwa imekwisha kuenea: mwenye kosa ni Émile. Si yeye aliyetembea na mwenge wa kufukizia nyuki? Si yeye mgeni, mtu wa pori? Wengine walisema kwamba alimwokoa Koko kwa sababu alikuwa anaogopa alichokifanya. Watu walipofika, Émile alikuwa amekaa chini, mikono yake imefungwa kamba.

Kapita alimuuliza kama alikuwa na moto kilimani. Émile alikubali kwamba alikuwa na mwenge, lakini alisema aliuzima na kuuzika katika udongo baada ya kushuka mtini. Watu waliguna. Kapita akasema basi atapelekwa Masisi, kwenye ofisi ya wazungu, na huko atafungwa na kupigwa fimbo.

Mukasine alikuwa amekaa na wanawake. Alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona kati ya wanaume, ameinamisha kichwa. Alingoja ainuke. Hakuinuka. Mtu mmoja akaanza kumsimamisha Émile kwa kumvuta kamba, na mahali kamba iliposhika, ngozi iliyoungua ilikuwa imechubuka.

Mukasine hakukumbuka baadaye jinsi alivyosimama. Alisikia tu sauti yake, ndogo na kavu, ikimtetea Émile.

"Haiko Émile njo aliwasha moto."

Watu waligeuka. Mama yake alimshika nguo. Kapita hakuwa mtu mkali kwa watoto. Alimwambia asiogope, aseme alichokiona. Mukasine alisema kwamba moto ulitoka chini, sio juu kwenye nyuki, na kwamba yeye alipita hapo na maji, akaona rundo la magugu linafuka.

"Rundo ya nani?" kapita aliuliza.

Midomo ya Mukasine ilifunguka, lakini jina halikutoka.

"Ya miye," sauti ikasema kati ya wanaume. Karangwa alikuwa amesimama. "Miye njo nilichoma. Niliacha moto bila kuzima, nikaenda. Na tangu jana ninanyamaza. Mumufungue ule muntu."

Émile alifunguliwa. Hakusema neno baya kwa yeyote. Aliomba maji tu, na Mukasine ndiye aliyekwenda kuyaleta. Alikunywa, akachukua kikapu chake, akashika njia ya Walikale. Karangwa alimfuata mpaka kwenye mto kumwomba msamaha. Walichozungumza huko hakuna anayekijua. Lakini Émile hakurudi kilimani kwao mwaka ule, wala uliofuata.

Kapita aliamua kwamba Karangwa atajenga upya nyumba zilizoungua, na atampa Koko mbuzi kutoka zizi lake. Akawageukia na wengine, akawaambia kwamba walimfunga mtu kwa sababu tu alikuwa mgeni, kwa hiyo nao watakata matete na kubeba miti. Tangu siku ile ikawa amri kilimani: asichome mtu magugu upepo ukivuma, na asiondoke mpaka majivu yawe baridi mkononi.

Mvua za kwanza zilipootesha majani mabichi katikati ya weusi, Koko Thacienne alirudi kutoka Kirotshe. Nyumba yake mpya ilikuwa bado inanuka udongo. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji nyeupe, kwa hiyo Mukandori alimtuma binti yake kumlisha.

Mukasine alikaa mbele yake na bakuli la maharagwe. Tangu siku ya moto alikuwa anafanya kila anachoambiwa, lakini hakuwa amelia wala kucheka. Alimlisha vijiko kadhaa, kisha akamweleza kila kitu: jinsi alivyoona moshi, jinsi alivyofikiri juu ya mtungi, jinsi alivyopita.

Koko alitafuna, akameza.

"Sikia, mutoto," alisema. "Udongo wa mikono mbili ungetosha, na baba yako ao wewe mungeutupa. Hiyo tunaijua sasa. Ukiona kitu kidogo ya hatari, usingojee mwenyewe arudi. Tua muzigo, fanya. Na kama umechelewa, sema kweli, muntu mwingine asilipe kosa yako. Wewe ulichelewa ile ya kwanza, lakini ile ya pili ulifanya, na baba yako akapata nguvu ya kusimama. Miye sina neno na ninyi."

Mukasine alikirudisha kijiko bakulini. Machozi, ambayo hayakutoka siku ya moto wala siku zote zilizofuata, yakaanza kutiririka yenyewe. Alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo.

Koko Thacienne hakuweza kumpangusa kwa mikono ile. Alisogea karibu, akaegemeza bega lake kwa bega la msichana, akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akafungua kinywa, akangoja kijiko kingine.