Kaa-umeme wa Shumbageni

Kaa-umeme alipanda kichanja cha kufugia chaza kwa miguu yake minane, akatulia, akatega sikio. Chini ya maji chaza hufungua na kufunga maganda yake kutwa nzima, na kila afanyapo hivyo hutoa mlio mdogo ambao wewe na mimi hatuusikii ng'o. Kaa huyu anausikia. Akimgundua mgonjwa, humng'oa na kumtenga kabla hajawaambukiza wenzake.

"Anasikia hata chaza akipiga chafya!" alisema Mhandisi Salha kwa fahari, watu wa Shumbageni wakiwa wamejaa barazani kwa sheha, wakitazama picha ya kaa ikielea hewani.

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake wakatazamana.

Sheha Ussi akaitisha kura. Kwa sheria ya zama hizo, shamba la bahari halianzishwi mpaka wanaume wa kijiji waridhie na wanawake nao waridhie, kila upande kwa kura yake. Wanaume wote wakanyoosha mikono. Upande wa kina mama haukunyooka hata mkono mmoja.

Ilikuwa mara ya pili. Wakikataa tena, vichanja vingepelekwa pwani nyingine na kazi ya Salha ya miaka sita ingepotea bure. Aliwaahidi kina mama nusu ya mavuno. Kwenye ramani akavisogeza vichanja mbali na njia yao ya kwenda kuokota kombe. Wakamshukuru kwa adabu, wakakataa. Basi akawaongezea alichokiona kitamu zaidi: kaa wenye masikio makali maradufu. Weee! Hapo hata salamu zikapungua.

"Mwanangu," Bi Mize, mkubwa wa kina mama, alimwambia mwishowe kwa huruma, "kesho bamvua, maji yatatoka mbali. Njoo tukachokoe kombe mchangani. Na hiyo bangili yako inayosema iache nyumbani."

Kila nyumba siku hizo ilikuwa na msikizi, kimashine cha ukutani kinachowakumbusha wazee dawa, kinachozima jiko lililosahauliwa, kinachoita daktari. Kimeokoa wengi, hakuna abishaye. Lakini kila kinachokisikia kinakihifadhi, na mume au mama mkwe akitaka kujua, anakiuliza tu.

Mchangani kina mama walikuwa watu wengine kabisa. Bi Mize alimwigiza mumewe anavyokoroma, Salha akacheka mpaka akaanguka majini. Mwingine akasema mimba yake imeharibika na hajamwambia mtu. Wenzake wakamsogelea, wakachokoa naye bega kwa bega.

"Umeona?" Bi Mize akauliza. "Majumbani hatuna pa kusemea. Petu ni hapa, nawe unatuletea masikio mia tatu!"

"Mbona hamkuniambia mkutanoni?"

"Mkutanoni! Na msikizi wa sheha yuko ukutani?"

Salha aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alirudi karakanani akawang'oa kaa masikio yao, mmoja mmoja, na roho ikamuuma kweli, maana aliyatengeneza mwenyewe. Mkutano wa tatu aliyabeba ndani ya ndoo, akaiweka mbele ya kina mama.

"Watakuwa viziwi. Watapapasa tu. Theluthi ya chaza huenda ikatufia."

"Tutakula waliobaki," akasema Bi Mize.

"Lakini kwa nini?" Sheha Ussi akashangaa.

"Mambo ya kiufundi tu, Sheha," Salha akamjibu, na mikono ya kina mama ikanyanyuka yote.

Bamvua iliyofuata kaa walikuwa kazini, nao kina mama wapo mchangani, na Salha kati yao, amefurahi, akisikiliza.

"Na wewe je?" Bi Mize akamtania. "Kusikiliza ya wenzio tu, kama msikizi?"

Salha akapangusa mchanga mikononi. Alizaliwa mjini, na tangu kilio chake cha kwanza hajawahi kusema neno lisilohifadhiwa mahali.

"Mama yangu alipofariki," akasema taratibu, "sikulia. Ukilia sana, msikizi anakuitia daktari."

"Maskini! Lia sasa, mwanangu."

Salha akalia kwa sauti, akalia mpaka akatosheka, na hakuna kilichomwitia daktari.