Timu ya Kisa

"Huyu mtu kwenye timu yangu simjui," Kisa alisema, macho yakiwa kwenye simu ya Ezra.

Ezra aliacha kukaza spoku za gurudumu. Hakujua kama Kisa angekuja Kyela siku hiyo, na simu alikuwa ameiacha wazi mezani.

Kisa alikuwa mfinyanzi wa Ikombe. Kila alipoleta vyungu mjini alipita Mbugani, kwenye kibanda ambamo Ezra alitengeneza baiskeli, na hapo ndipo alipofundishwa ule mchezo wa mtandaoni: unachagua waendesha baiskeli tisa, wakifanya vizuri kwenye mbio za kweli za Ulaya, nawe unapata pointi. Kwa kuwa intaneti ya Ikombe ni ya kubahatisha, alimtumia Ezra majina kwa SMS, naye akamjazia. Kwenye ligi yao ya watu kumi na wawili, Kisa alikuwa wa pili.

"Nilikuandikia yule Mkolombia wa milimani. Yuko wapi?"

"Nilimtoa."

"Kwa nini?"

"Nimekuwa nikikubadilishia tangu Aprili. Ulishika mkia, ukasema unaacha. Nikaona ukiacha, hutaniandikia tena."

Kisa aliirudisha simu mezani taratibu. Miezi yote hiyo aliwatambia wafinyanzi wenzake kwamba mbio za wazungu anazisoma kama kiganja chake.

"Kumbe nilikuwa nabebwa," alisema. "Kwenye mchezo tu unanifanyia hivi, Ezra. Nyumbani ungenifanyia nini?"

Akachukua tenga lake, akaondoka.

Siku nane hakuandika. Ezra alikiri kwenye kundi la ligi kwamba pointi za Kisa zilikuwa hila yake, na kwamba Kisa mwenyewe hakujua lolote. Walimcheka. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeisimamia ligi, akazifuta zile pointi, akaitoa na timu yake mwenyewe. Kisha akatuma ujumbe:

"Nimewaambia wote. Jumamosi mbio za Ufaransa zinaanza. Ukitaka, nitajaza utakachoandika, basi. Nakupenda. Nilipaswa kuanza na hilo."

Ijumaa jioni yakaja majina tisa, bila hata salamu. La kwanza lilikuwa la yule Mkolombia. Ezra akayajaza kama yalivyo.

Siku ya tano Mkolombia alianguka. Ezra alikaa na simu muda mrefu kabla ya kuandika: "Leo sifuri. Mtu wako amevunjika mkono. Uko wa mwisho."

Jibu halikuchelewa. "Ndaga, asante kwa kuniambia. Jumapili mama yupo. Njoo."

Ezra alipanda mtumbwi kutoka Matema hadi Ikombe. Mama yake Kisa alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Ndiye huyu aliyekuwa akikudanganya?"

"Ndiye, mama," Kisa alijibu. "Ila siku hizi hata sifuri zangu ananiambia."

Mama akasogea kidogo, akampa Ezra nafasi kwenye mkeka.

Msimu uliisha Oktoba, Kisa akiwa wa tisa. Wiki hiyohiyo washenga wa Ezra walifika Ikombe, wakarudi Kyela na jibu la ndiyo.