Mke wa Kiti cha Kushoto

Kiti kilikuwa na joto.

Mwanamkuu aliinuka mara moja, akakipapasa kwa kiganja. Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini tangu adhuhuri, na mumewe Suleiman ndiyo kwanza alikuwa akitafuta ufunguo mfukoni. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa pale. Lakini ngozi ya kiti ilikuwa na joto la mtu aliyeondoka sasa hivi, tena ilinukia asumini mbichi.

"Umempakia nani?" akauliza.

"Nimpakie nani, Mwanamkuu? Gari lenyewe viti viwili!" Suleiman akacheka, lakini macho akayatupa kando.

Mwaka ule wa bendera ya uhuru Wazungu wa Diani walikuwa wakiuza kila kitu warudi kwao, na watu wenye akili zao walinunua vitanda na makabati. Suleiman, karani wa ofisi huko Kwale, akanunua gari jekundu la mashindano, fupi, la kukunjua turubai, tena la chini hata mbuzi aliweza kulichungulia kutoka juu. Eti ndilo la kwendea kazini kila siku! Na barabara yenyewe ya wakati ule, mawe na mashimo, tumbo la gari likikwaruza mpaka meno yafe ganzi. Kuni hazikuingia, gunia la mahindi halikuingia, mama mkwe ndiyo kabisa. Ukunda nzima ilimcheka, naye hakusikia la mtu.

Mwanamkuu alimpenda hivyo hivyo na upuuzi wake. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamemwita tasa, mashangazi wa Suleiman wakamshauri kijana wao amwache aoe mwingine, na Suleiman akakataa katakata. Sasa alikuwa na mimba, ya kwanza. Duniani hakutaka kitu kingine ila mume huyo na mtoto huyo, basi.

Lakini gari halikumtaka. Kila alipopanda aliteremka na alama za kucha mapajani. Akiacha khanga yake kitini, aliikuta chini, imekanyagwa. Siku moja akafungua mlango, na mlango ukavutwa kutoka ndani, ukafungwa taratibu, kama afanyavyo mwenye nyumba asiyetaka mgeni.

Kisha Suleiman akaanza kulala nje. Usiku mmoja chumbani, usiku mmoja garini, akisema ni joto. Mwanamkuu alivumilia, na mwisho uvumilivu ukamshinda, akasimama dirishani gizani, akasikia bangili zikilia ndani ya turubai, akasikia mumewe akinong'ona maneno yale yale aliyomnong'oneza yeye walipokuwa maharusi, na sauti ya kike ikamjibu kwa upole, na harufu ya asumini ikapanda mpaka dirishani, kisha mkono ukatoka chini ya turubai, mrefu kupita mkono wa binadamu, umepakwa hina mpaka kiwikoni, ukamnyooshea kidole yeye pale alipojificha, ukakishusha kidole mpaka usawa wa tumbo lake, ukakituliza hapo.

Akalifunga dirisha kwa komeo.

"Usiku ule ulikuwa zamu yake," Suleiman akamwambia asubuhi, bila haya. "Naye ana haki kama wewe. Ameniambia nisidhulumu."

"Nani, Suleiman? Nani?"

Suleiman akaingia garini. Akapiga gari moto akaenda zake kazini.

Siku ile ile Mwanamkuu akatuma watu Jego wakamlete Bi Tumu, mganga aliyewatoa majini watu ambao walikwisha kusomewa wakashindikana. Bibi yule alifika jioni. Suleiman alikuwa amekaa garini, mikono juu ya usukani, wala hakumwamkia shikamoo. Bi Tumu akakizungusha chetezo cha ubani mara kadhaa, akarusha marashi kwenye kiti kitupu, akauliza:

"U nani wewe, na umeingia kwa njia gani?"

Sauti ikatoka kitini, tulivu kabisa. "Sikuingia. Nilikuwamo. Na huyu nimeolewa naye, mbele ya mashahidi."

Bi Tumu akakiweka chetezo chini. "Nani alikuwapo gari liliponunuliwa?"

Akaitwa Waziri, rafiki wa Suleiman, mtu wa masihara sana. Alikuja, kofia mkononi. "Ilikuwa mzaha tu, bibi," akasema. "Tulikuwa tukimtania kwamba leo anaoa gari. Mimi nikajifanya kadhi, Seifu na Boga wakawa mashahidi, yule Mzungu aliyeliuza tukamfanya walii wa bibi harusi, naye akacheka akasema chukua, ni wako. Pesa tukaziita mahari. Suleiman akasema amekubali kuoa. Tulicheka, bibi! Tulicheka tu!"

"Chuoni hukufundishwa?" Bi Tumu akamfokea. "Ndoa ina mzaha? Mmemwozesha mtu, wajinga nyinyi! Mke hafukuzwi kwa ubani. Ni talaka."

Wakaletwa Seifu na Boga. Suleiman akateremshwa garini, akasimama katikati ya ua, na alipomwona Mwanamkuu machozi yakamtoka. Akapiga magoti mbele yake, akaushika mkono wake. "Nisamehe," akasema. "Umevumilia mengi kwangu." Mwanamkuu naye akalia, akampangusa uso kwa ncha ya mtandio. Alhamdulillahi, akawaza, amerudi.

"Haya, tamka," Bi Tumu akamwambia. "Tamka wasikie."

Suleiman akainuka. Akajifuta mavumbi magotini.

"Mwanamkuu binti Mbwana," akasema, wazi, kila neno mahali pake, "nimekuacha. Talaka tatu."

Waziri akajishika kichwa. Kisha Mwanamkuu akapiga ukelele. "Si yeye! Amempanda kichwani! Bi Tumu, mtoe, tafadhali, mtoe!"

Bi Tumu akamkamata Suleiman kidevu, akamfunua kope, akampulizia masikioni, akamwita jini kwa majina yote aliyoyajua. Suleiman akamwachia afanye apendavyo, kama mtu anayenyolewa ndevu. Mwisho bibi akamwachilia, akashindwa kumtazama Mwanamkuu usoni.

"Hana kitu, mwanangu. Yule yumo garini tu. Aliyesema ni mumeo."

Suleiman akaingia garini, akaufunga mlango kwa adabu. Injini ikaitika mara moja. Akamtazama Mwanamkuu, kisha akalitazama tumbo lake, akatabasamu kwa upole wake ule ule wa zamani.

"Jitunze," akasema. "Ukishamwachisha ziwa nitakuja kumchukua. Nafasi ipo, usihofu. Atakaa mapajani pa mama yake."

Akakipapasa kiti cha kushoto, akaondoka.