Sabuni Yapita Mlangoni

"Bandua!"

"Sibandui!"

"Mama Povu, lebo inasema sabuni imetengenezwa huku. Watu wa ushuru wakiiona huko ng'ambo—"

"Wakiiona wataoga! Nikoroge mafuta wiki nzima, halafu sabuni yangu ivuke mpaka haina jina, kama mtoto wa kuokotwa?"

Mumewe alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akaendelea kubandua. Katoni sita zilipangwa hadi dirishani. Safari iliyopita walikwepa ushuru, wakapita njia ya panya na kuvuka mto kwa miguu. Mzigo wote ukalowa. Mwenye duka wa nchi jirani akawaambia: mkinikosesha tena, natafuta sabuni kwingine.

Mdogo wake mume, dereva wa lori, aliingia bila hodi. Kwa kelele zile, nani angemsikia?

"Kaka, unabandua nini?"

"Ushahidi."

Dereva alicheka mpaka akakalia katoni.

"Inuka, shemeji! Hiyo biashara, si kiti."

"Shemeji, huyu anabandua tiketi yenu! Nchi zetu zimekubaliana. Bidhaa iliyotengenezwa kwetu au kwao haitozwi ushuru wa forodha ikivuka. Ila lazima ijulikane imetoka wapi. Mnaomba cheti cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Mfanyabiashara mdogo anajaza karatasi moja tu. Kama kuna kodi nyingine, mtaambiwa, na risiti mtapewa."

"Na sisi tuliokuwa tunavuka mto?" mume akauliza.

"Mlikuwa mnauogesha mto bure."

Mama Povu alimtazama mumewe. Mumewe alitazama kitambaa.

"Gundi iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Kesho yake walijipanga foleni mpakani. Ofisa wa forodha, mwanamke mwenye miwani, alisoma lebo. Aliuliza sabuni inatengenezwa wapi na kwa mafuta gani. Akajaza karatasi, akagonga muhuri.

"Piteni."

Mama Povu hakusogea. Alizoea kukimbia, kupita hivihivi hakukujua.

Kabla ya saa sita katoni zilikuwa dukani, kavu kabisa. Mwenye duka akaagiza nyingine kumi.

Waliporudi, ofisa aliwaita kwa kidole. Mume akaanza kutafuta risiti mifukoni.

"Acha hizo, baba. Mama, nina ombi. Tazama dirishani. Kwenye vichaka vile wamejificha wenzako saba na mizigo yao. Tunawaona kila siku. Nikiwafuata na sare hii, watajitosa mtoni. Naomba nenda wewe ukawaite."