Moto Uliolala Katika Pamba

Maiti ya Emile ilikuwa imekaa wima katikati ya majivu, ngumi mbili zimeinuliwa mbele ya uso, kama mtu aliyekuwa akipigana na mwingine asiyeonekana.

Inspekta Faradji aliizunguka mara mbili, viatu vikikanyaga mabati yaliyokunjamana. Alitumwa kutoka Kasongo na Idara ya Usalama wa Moto, ofisi ya vyumba viwili na kamioneti moja. Katika miaka minne ya kazi hiyo alikuwa ameona ngumi kama hizo mara sita. Joto hukaza misuli, mikono hujikunja. Alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alichagua kusimama upande ambao ngumi zile hazikumwelekea.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1957, kijiji cha Mulenda, ukishapita kituo cha Wamaza. Depo ya pamba iliungua jana yake saa sita mchana, mvua ikinyesha. Emile alikuwa monita wa pamba: ndiye aliyepima kila shamba na kusema nani apande nini na wapi.

"Nani alikuwa karibu?" Faradji aliuliza.

"Hakuna mutu, Bwana Inspekta," alijibu Antoine, kapita, yaani msimamizi wa kijiji, mwanamume mrefu aliyeweka mkono wa kuume mfukoni mwa koti. "Mvua ilikuwa kali. Kila mutu alikuwa ndani ya nyumba yake."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa Kabambare tangu Jumatano mupaka jana jioni, mbele ya administrata mwenyewe. Muulize."

"Mlango wa depo?"

"Emile alifunga kwa ndani. Kila siku saa sita analala pale, kona ile, juu ya pamba. Alisema iko laini kupita kitanda cha bibi yake."

Wanaume wawili walicheka, kisha wakaitazama maiti, wakavua kofia.

"Alikuwa na taa? Alivuta sigara?"

"Taa ya nini mchana? Na tumbaku ilimpa kikohozi."

"Basi moto ulitoka wapi?"

Antoine alielekeza kidevu kwenye jiko la nyumba yake. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa gogo. "Iko mule ndani. Muulize Mama Ernestine."

Habari zilimfikia Faradji kutoka vinywa ishirini, na zote zilifanana. Mama Ernestine alikuwa mfinyanzi, mjane. Emile aling'oa mihogo ya mama huyo ili apanue shamba la pamba. Jumatatu, siku ya kupeleka pamba depo, mama alisimama mbele yake na kusema kwa sauti ndogo: "Utalala katika pamba yako, Emile, na hutaamka." Alhamisi Emile alilala, hakuamka.

Administrata, mkuu wa serikali wa eneo hilo, alikuwa ameandika barua fupi. Kama chanzo cha moto hakingejulikana hadi Jumamosi mchana, mama yule angehamishwa ng'ambo ya mto, mbali na kwao, asirudi tena. Vijana wa Mulenda walisema waziwazi kwamba hatafika kwenye kamioneti akiwa hai.

Faradji alianza na kilichobaki. Nyuma ya depo kulikuwa na magunia matatu yaliyovutwa nje na watu wakati wa moto. Yalionekana mazima, meupe, yamelowa mvua. Alitoa kisu, akachana moja.

Ndani lilikuwa jekundu.

Moshi mwembamba ulitoka, ukakatika, ukatoka tena. Watu walirudi nyuma.

"Linapumua," mwanamke mmoja alinong'ona.

"Pamba hulala na moto," Faradji alisema, ingawa nywele za shingoni zilikuwa zimemsimama. "Nje baridi, ndani unakula kidogo kidogo. Siku mbili, tatu. Ukipata hewa, unaamka mara moja. Moto huu haukuanza jana. Ulianza Jumatatu au Jumanne."

"Kwa hiyo ni maneno ya mama," Antoine alisema. "Alisema Jumatatu."

"Maneno hayana makaa, Kapita."

Akavua koti, akachukua jembe fupi na chekeche, akaanza kuchekecha majivu kipande kwa kipande. Moto huacha nyayo: pale ulipokaa muda mrefu ndipo unapochimba zaidi. Sakafu ilikuwa imeungua kidogo kila mahali, isipokuwa kwenye kona aliyolala Emile. Pale udongo wa sakafu ulikuwa umegeuka mwekundu kwa kina cha kiganja.

Chini ya maiti, mahali hapo, chekeche lilimletea vigae vya chungu kidogo na kizibo kimoja kizima, kikubwa kama yai la bata.

Chungu alikitambua. Warina asali wa pande zile hubeba moto msituni hivyo: kaa moja, mti uliooza, chungu kimezibwa, kitundu kidogo cha hewa. Kila nyumba Mulenda ilikuwa nacho. Lakini wanaume huziba kwa majani mabichi. Hiki kilizibwa kwa udongo mweusi wa kufinyangia, uliotoka shimo la Mama Ernestine kijitoni. Moto ulikuwa umeuchoma ukawa mgumu kama jiwe.

"Mnaona?" vijana walisema. "Udongo wake. Chungu chake."

Faradji alikichukua kizibo, akaenda jikoni, akaondoa gogo.

Mama Ernestine alikuwa amekaa kwenye kigoda gizani, mikono mapajani. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Wewe ulitia moto?"

"Nilisema atalala. Amelala. Unataka nini kingine?"

"Nataka jibu."

"Andika ni mimi."

Faradji alimwekea kizibo kiganjani.

Kilichotokea kilichukua muda wa pumzi mbili. Dole gumba la mama, bila yeye kulituma, lilipita juu ya kizibo kulainisha matuta ya vidole. Miaka hamsini ya ufinyanzi ilikuwa ndani ya dole lile. Kisha likafika mahali fulani likasimama. Mama alikitazama kwa mara ya kwanza. Uso wake ukazeeka.

"Hukukifanya wewe," Faradji alisema polepole. "Mfinyanzi haachi alama za vidole. Hufuta kwa jani bichi kabla udongo haujakauka."

"Andika ni mimi."

"Na unamjua aliyekifanya."

Mama aligeuza uso ukutani.

Faradji alitoka nje, akakigeuza kizibo juani. Alama ya dole gumba ilikuwa wazi kama muhuri. Halikuwa dole la kawaida. Lilipasuka katikati, pande mbili, kama ukwato wa mbuzi.

Mulenda, mwanamume haruhusiwi kuugusa udongo wa kufinyangia wala kusogelea moto wa vyungu. Tangu utotoni hufukuzwa pale. Hajui kwamba humo udongo hauungui, bali hugeuka jiwe. Aliyeziba chungu kile aliamini alivyoamini kila mwanamume wa kijiji: kwamba moto hula vyote.

Faradji aliagiza beseni la udongo mbichi, akawapanga wanaume wote mbele ya depo.

"Kila mmoja akandamize dole gumba. La kuume."

Walipita mmoja mmoja, wengine wakitaniana kwamba watakuwa wanawake kabla ya jioni. Antoine alikuwa wa mwisho. Aliinama, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Wa kuume, Kapita."

"Uko na maumivu."

"Utoe tu."

Utani ulikwisha. Antoine alitazama kwenye jiko lake. Mama Ernestine alikuwa amesimama mlangoni. Akatoa mkono mfukoni, taratibu, akaukandamiza. Dole liliacha ukwato wa mbuzi katika udongo.

"Ulikuwa Kabambare wakati unawaka," Faradji alisema. "Lakini Jumatatu ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Kwa nini kona ile?"

Antoine alikaa chini, palepale penye majivu.

"Kwa sababu ndipo alipolala."

"Endelea."

"Mwaka jana alikuja kupima shamba. Mistari yake lazima inyooke. Mustari mumoja ulipita juu ya watoto wangu, Nuru na mudogo wake. Nilimwambia, Baba Emile, hapa pamelala watu. Akasema kapita ni mfano wa wengine. Mimi mwenyewe nilishika kamba. Mimi mwenyewe nilipiga jembe." Sauti yake haikupanda. "Pamba iliota. Iliota vizuri pale kupita kwingine kote. Ndefu, nyeupe. Emile aliwaita watu waje waione."

Antoine alilisugua dole lake kwenye majivu.

"Wakati wa kuvuna nikachuma. Hiyo ndiyo niliyokizungushia chungu. Jumatatu nilipita depo kupanga magunia, nikasikia maneno ya Mama. Nikasema, basi, na yatimie; jioni nikaziba chungu kwa udongo wake, nikakificha ndani ya gunia la kona ile. Jumanne niligusa gunia, lilikuwa baridi. Jumatano asubuhi, baridi vilevile. Nikajua moto umezimika. Nilienda Kabambare nikilia njiani, na sijui nililia kwa huzuni ama kwa furaha."

"Na Mama? Ungemwacha apelekwe?"

Antoine alinyoosha mikono yote miwili mbele.

Polisi mmoja aliyekuja na inspekta alimfunga pingu. Mama Ernestine alipiga hatua kutoka mlangoni, na vijana waliokuwa wamemngojea tangu asubuhi wakampisha njia, macho chini.

"Ni mtoto wa dada yangu," alimwambia Faradji. "Nimemlea. Dole lile lilipasuliwa na panga akiwa na miaka sita, nikalifunga mimi. Nipe kile kitu, mwanangu. Kidogo tu."

Faradji alijua ushahidi haupewi mtu. Akampa.

Mama alilowesha dole gumba kwa mate, akalipitisha juu ya alama ile, mara moja, mara mbili, tena na tena, kwa nguvu, kama afanyavyo kabla ya kuchoma chungu. Alama ilibaki.