Gari la Mkunga Halitoki

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule, Twiga alikwenda gereji kwa mama yake. Twiga lilikuwa jina la utani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alishampita mama yake kwa urefu. Pale gereji aliosha spana kwa dizeli, akazipanga kwa ukubwa, na kumshikia taa fundi aliyelala chini ya gari.

Jumamosi hiyo lilikuwepo gari la mkunga wa zahanati. Mguu wa mbele ulikuwa umefunguliwa na kutengenezwa, ikabaki kurudisha boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu huku kikiliacha ligeuke. Mama alikuwa amezama kwenye injini nyingine, kwa hiyo kazi akampa fundi msaidizi, ambaye wote walimwita Chapuchapu.

Chapuchapu aliiingiza boljointi mahali pake, akakaza nati. Kisha akachukua pini, kijiti cha chuma kinachopita kwenye tundu la boljointi ili nati isifunguke njiani. Tundu halikulingana na mapengo ya nati. Alijaribu mara moja, mara mbili, akasonya, akaitupa pini kwenye ndoo ya taka.

"Kaka, si ungekaza kidogo tena mpaka tundu lionekane?" Twiga aliuliza. "Mama hufanya hivyo."

"We mtoto, ufundi umeanza lini? Nati imekaza mpaka imelia. Kachukue soda pale, mdomo wako upate kazi nyingine."

Twiga akanywa soda. Ilikuwa baridi, lakini haikushuka vizuri. Akajiambia kwamba mkubwa anajua zaidi. Gurudumu likarudishwa, jeki ikashushwa.

Alasiri mkunga alifika na mkoba wake.

"Mnisamehe, nina haraka," alisema. "Kuna wajawazito wawili wananisubiri ng'ambo ya mlima."

Akapanda, akawasha gari. Twiga alihisi damu inamchemka. Mama wa watu anakwenda kushuka mteremko wa mlima kwa nati isiyo na pini, na aliyeitupa yuko bombani ananawa mikono, anapiga mluzi! Alikimbia, akasimama katikati ya lango, mikono ameitanua.

"Gari halitoki!"

Mama alikuja mbio. "Una wazimu? Mpishe mteja!"

"Boljointi haina pini, mama! Nimeona kwa macho yangu!"

"Mwongo huyo!" Chapuchapu aling'aka. "Bosi, nimefanya kazi hapa miaka sita. Leo utaamini maneno ya mtoto?"

Machozi ya hasira yalimtoka Twiga. "Kama ni mwongo, fungueni gurudumu basi! Mnaogopa nini?"

Mama alimwomba mkunga ashuke, akaleta jeki, akatoa gurudumu mwenyewe. Akainama na kumulika. Tundu lilikuwa tupu.

"Pini iko wapi?"

"Bosi, ni kitu kidogo tu kile..."

"Kidogo!" Mama alisimama, sauti ikapanda hadi mafundi wa jirani wakageuka. "Nati hii ikifunguka mlimani, gurudumu linalala ubavu na usukani haushiki tena. Haya, mwangalie huyu mama usoni umwambie ni kitu kidogo!"

Chapuchapu alitazama chini. Mama akamkabidhi pini mpya. Mbele ya mkunga, Chapuchapu akakaza nati mpaka tundu likaonekana, akapitisha pini na kuzikunja ncha zake. Kisha akaomba radhi, kwa mkunga na kwa Twiga.

"Na Jumatatu," mama akamwambia, "utawaita wenye magari yote uliyoyafunga wiki hii. Tutayakagua moja moja, mimi na wewe."

Mkunga alipoondoka, mama alimshika Twiga bega. "Nimekuita mwendawazimu mbele za watu. Nisamehe, mwanangu."

Twiga alisema, "Mama, niliona tangu asubuhi. Alinipa soda, nikanyamaza."

"Afadhali umesema," mama alisema. "Kazi mbovu hufanywa na mmoja, lakini hufichwa na wengi. Je, leo mkunga angekuja mapema, wewe ukiwa bado na chupa mkononi, ingekuwaje? Ukiona kosa linalohatarisha mtu, sema papo hapo. Hata kama mkosaji ni mkubwa. Hata kama ni mimi mama yako."