Daftari la Tanuri

Kila siku alfajiri Bibi aliamka kwenda kuwasha tanuri, ingawa tanuri lenyewe alikwisha kuliuza. Alijifunga khanga, akafika mpaka mlangoni, ndipo akakumbuka, akacheka peke yake na kurudi kuinjika chai.

"Bibi, leo tena umefika mlangoni?" mjukuu wake alimtania huku akifagia ua.

"Mazoea yana taabu, mama. Miguu yangu haijaambiwa kwamba tumeuza."

Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Walimwita Hamira kwa sababu ukimchokoza kidogo tu, huyo, ameumuka! Lakini wiki zile hakuwa na nguvu za kununa, kwani nyumba yao ilikuwa na kesi.

Bibi alikuwa ameoka mikate kwa miaka thelathini. Miguu ilipoanza kuvimba, aliuza kiwanda chake kidogo pamoja na tanuri kwa kijana mmoja waliyemwita Mrefu, ambaye kila alipoingia alijigonga kichwa mlangoni. Kabla ya kununua, Mrefu alikaa hapo wiki mbili akijifunza kazi, na Bibi akampenda kama mwanawe wa kumzaa. Miezi minne baadaye tanuri likapasuka. Mrefu akaenda mahakamani kudai kwamba Bibi alimficha ubovu wake, akataka arudishiwe fedha zote. Fedha zenyewe zilikwisha kujenga nyumba waliyokuwa wakiishi. Bibi akishindwa, nyumba ingeuzwa.

Asubuhi ile shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Hamira alimsindikiza Bibi mahakamani ili amshike mkono kwenye ngazi. Wakili wao, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwangoja nje ya chumba.

"Leo kesi yenyewe haisikilizwi," aliwaeleza. "Kabla ya siku hiyo, kila upande lazima uuonyeshe upande wa pili karatasi zake zote. Leo tunagombania karatasi tu."

"Hata zile mbaya?" Hamira aliuliza.

"Hasa zile mbaya, mwanangu."

Ndani, wakili wa Mrefu alisimama. "Mheshimiwa, pale kiwandani palikuwa na daftari la tanuri, limetundikwa kwenye msumari. Kila aliyeligusa tanuri aliandika alichokiona, akatia sahihi. Tumeliomba mara tatu. Hatujapewa."

"Mheshimiwa," wakili wa Bibi alijibu, "mteja wangu amelitafuta mpaka uvunguni mwa kitanda. Hawezi kutoa asichokuwa nacho."

Hakimu aliwatazama wote wawili, kisha akamtazama Bibi. "Natoa siku saba. Ama daftari liletwe, ama Mama aape kwa maandishi kwamba hajui liliko. Yote mawili yakishindikana, utetezi wake nitautupa."

Hamira alijua liliko. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wake wa shule. Alilivisha jalada na kuandika juu yake "Sayansi". Siku walipohamia nyumba mpya alilikuta kati ya vyombo vyao, akalifungua, akaona mwandiko wa Bibi: "Ufa upande wa kushoto. Uangaliwe." Barua ya madai ilipokuja, aliukumbuka ufa huo, akalificha daftari upesi. Moyoni alijiona anamwokoa Bibi.

Njiani kurudi nyumbani Bibi alitembea polepole kuliko siku zote. "Nitaapa," alisema. "Sijui liliko, basi nitasema sijui. Lakini inaniuma. Miaka thelathini sikumwuzia mtu mkate wa jana nikamwambia ni wa leo. Sasa natazamwa kama mwizi."

Hamira alipiga kijiwe teke, akaendelea kutembea.

"Mbona hujaumuka leo?" Bibi aliuliza. "Unaumwa?"

Walipofika nyumbani Hamira alileta mkoba, akatoa daftari na kuliweka mapajani mwa Bibi. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Nililificha mimi, Bibi. Limeandikwa ufa. Niliogopa watatutoa hapa."

Bibi alisoma ule mstari. Kisha akasema, "Ufa huu nilimwonyesha Mrefu kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini hatukuwa na shahidi. Neno langu tu, nani ataliamini?"

"Basi tulichome! Hakuna anayejua."

"Wewe unajua. Na sasa mimi najua. Vaa viatu."

Wakamkuta wakili ofisini, wakamweleza yote. Akalipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika mahali ambapo kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa donge la unga mkavu. Akajaribu kuzibandua kwa kucha.

"We! Utazichana!" Bibi alimzuia. "Kwa unga mniachie mimi. Nipeni maji ya moto."

Akazishika zile kurasa juu ya mvuke wa kikombe, akangoja kama anayengojea mkate, halafu akapitisha ncha ya kisu katikati yake. Kurasa zikaachana. Ndani mlikuwa na maandishi makubwa yaliyolala upande: "Nimeonyeshwa ufa wa kushoto na Mama. Nikishanunua nitautengeneza mwenyewe." Chini yake ilikuwako sahihi yenye mkia mrefu.

"Huyo ni Mrefu!" Hamira alipiga kelele.

Wakili alivua miwani. "Hamira! Ulikuwa umeuficha ushahidi wa bibi yako mwenyewe!" Kisha akamgeukia Bibi. "Na wewe, Mama, ulikuwa unalileta bila kujua kama ukurasa huu upo?"

"Tumelileta lilivyo," Bibi alijibu.

Nakala zikapelekwa kwa upande wa pili siku ileile. Siku ya tatu, ngo! Kichwa kikagonga mlango. Bibi alijua ni nani kabla hajaingia.

"Mwandiko ni wangu, Mama," Mrefu alisema, macho chini. "Haki ya Mungu, nilisahau. Lilipopasuka nilipandwa na hasira. Nimemwambia wakili wangu aiondoe kesi. Nisamehe."

"Na mimi nisamehe," Hamira alisema kwa sauti ndogo. "Daftari nililificha mimi."

"Basi tuko wawili," Mrefu akasema.

"Kaa unywe chai," Bibi alimwambia. "Namjua fundi wa matofali ya tanuri. Kesho tunakuja."

Mgeni alipoondoka, Bibi alimvuta Hamira karibu. "Najua ulifanya vile kwa kunipenda. Lakini ungeniapisha uongo bila mimi kujua. Ukiona jambo baya, usilifiche, niletee. Ukweli hata ukiwa mchungu, tutaunywa pamoja."

Kesho yake alfajiri Bibi alifika mlangoni, na safari hii hakurudi kuinjika chai, bali alikwenda na Hamira mpaka kiwandani kwa Mrefu. Fundi alipomaliza kuuziba ule ufa, Bibi alitundika daftari kwenye msumari wake wa zamani, akampa Hamira kalamu. Hamira akaandika alichokiona, akatia sahihi.